KUANGUKA KWA WAZEE NI JAMBO LA CHAMA

Ndugu wafanya kazi,

Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ya njia ya reli miaka mingi alistaafu akiwa mzima. Usiku mmoja alitoka kwenda choo cha nje, hapana taa, akateleza juu ya saruji iliyoloa. Hakuanguka kutoka juu. Alianguka pale pale aliposimama. Mguu ukageuka nje, ukaonekana mfupi kuliko mwenzake. Majirani wakasema ameteguka, wakamkanda kwa mafuta siku nne. Kumbe mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Hospitalini alilala wiki tatu akingoja jamaa wachange fedha za vyuma vya kuungia mfupa. Akapata vidonda vya mgongo, kisha homa ya mapafu, tukamzika. Binti yake aliacha kibarua ili amwuguze, na hata leo hajapata kingine.

Wako wanaosema huo ni uzee tu, na kazi ya chama ni mishahara. Sisi hatukubali. Ni kweli mifupa ya wazee hupungua nguvu, hasa ya akina mama baada ya hedhi kukoma. Lakini mara nyingi mfupa haujivunji wenyewe. Huvunjwa na giza na sakafu mbaya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi ni wa zaidi ya miaka 60.

Basi tufanye nini? Kwanza, nyumbani. Njia ya chooni iwe na taa, na ukutani pawe na chuma cha kushika. Ndala zilizoisha zitupwe. Macho ya mzee yapimwe, na dawa zikimletea kizunguzungu, daktari aambiwe. Asikae kitini siku nzima. Atembee, miguu ipate nguvu. Ale maziwa, omena, maharagwe na mboga, na aote jua. Nasi tulio bado kazini tuache sigara na kupunguza pombe, kwa maana mifupa ya uzeeni hutunzwa tangu sasa.

Pili, mzee akianguka akashindwa kusimama, asikandwe hata kidogo. Apelekwe hospitali siku ile ile. Mfupa huo wafaa kupasuliwa na kuungwa kabla ya siku mbili kupita, hali ya mgonjwa ikiruhusu. Baadaye ainuliwe upesi, afundishwe kutembea tena, asiachwe kitandani.

Tatu, twataka halmashauri yetu ipeleke mambo mawili kwa waajiri: taa na vyuma vya kushika katika vyoo vya nyumba za wafanya kazi, na bima ya wastaafu inayolipa vyuma vya kuungia mfupa bila kungoja mchango. Taa ya choo ni rahisi kuliko jeneza.

Ndugu, kila mmoja wetu akijaliwa atakuwa mzee. Njoni mkutanoni tuyaseme haya kwa sauti moja.

Ni sisi wenzenu,
Wafanya kazi wa njia ya reli