Utafiti wa mbali: nani mtafiti, nani kibarua?

Wavuti haikubuniwa kwa ajili ya biashara wala porojo. Mnamo Machi 1989, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, aliandika pendekezo la kuwawezesha wanasayansi waliotawanyika katika nchi mbalimbali kusoma na kuunganisha nyaraka zao. Mwaka 1993 kituo hicho kikautoa uvumbuzi huo kwa umma bila malipo. Chombo ambacho wanafunzi wetu hukitumia leo kutazamia kandanda kilizaliwa kuwa chombo cha watafiti.

Hapa nchini, tuzungumzapo juu ya utafiti wa mbali, aghalabu twazungumza juu ya nyaya. Nyaya si haba. Mtandao wa KENET wa kuviunganisha vyuo vyetu ulianzishwa mwaka 1999, na mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, zikatupunguzia utumwa wa setilaiti. Mwezi Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika baharini, tulikumbushwa jinsi tunavyozitegemea. Lakini waya ni njia tu. Njia hiyohiyo yaweza kumleta mgeni mezani, na yaweza pia kumpeleka mtumishi jikoni.

Nimesema hivyo kwa sababu katika taaluma yangu ya isimu ubaguzi huu unajulikana sana. Mtafiti wa ng'ambo humtumia mwalimu wa kijijini jedwali la sentensi mia kadhaa azitafsiri. Mwalimu anazitafsiri, anazirudisha, na hapo ndipo habari zinapomkomea. Hajui sentensi zake zilifasiriwaje, wala hana nafasi ya kusema kwamba kitenzi fulani kimeeleweka visivyo. Makala yanapotoka jina lake limo katika shukrani, likiwa na bahati. Barua-pepe haikuleta desturi hii. Iliikuta, ikaiongezea kasi.

Lakini zipo zana za namna nyingine, nazo ndizo ninazotaka walimu wenzangu wazitambue. Katika hati ya pamoja kila mshiriki hufungua maandishi yaleyale, huyarekebisha, na tarakilishi huhifadhi nani alibadilisha nini na saa ngapi. GitHub hufanya vivyo hivyo kwa programu. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi. Aliyefanya kazi haachwi aombe kukumbukwa.

Mfano ninaoupenda ni Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika ambayo jina lake, la Kizulu, lina maana ya kujenga pamoja. Wanachama wake wametapakaa barani na nje. Walikutana kwa video, wakajadiliana kwa Slack, na wakatumia Google Colab, ili asiye na tarakilishi yenye nguvu aweze naye kufunza mashine kutafsiri. Makala yao ya mwaka 2020 yana waandishi zaidi ya arobaini, na wa kwanza miongoni mwao ni alama ya hisabati, ∀, yenye maana ya "kwa kila", iliyowekwa kuiwakilisha jumuiya nzima. (Sijui karani gani wa chuo angekubali kuipandisha cheo alama hiyo!) Mwaka 2021 wakatoa hazina ya matini ya lugha kumi, Kiswahili na Dholuo zikiwemo, zilizowekewa alama za majina ya watu, mahali na mashirika.

Sisemi kwamba mambo yamekamilika. Zana hizo ni mali ya makampuni ya kigeni, na kinachotolewa bure leo chaweza kutozwa kesho. Aidha, mazungumzo yenyewe huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, hata pale ambapo kinachochunguzwa ni ngeli za Kiswahili. Hilo la pili tunaweza kulianza wenyewe: Mkenya na Mtanzania wanaoandika pamoja juu ya Kiswahili hawana sababu ya kusahihishana kwa lugha ya tatu.

Na mwalimu wa Siaya akiombwa sentensi za Dholuo, aulize kabla ya kuandika hata moja: je, nitapewa idhini ya kufungua faili ya uchambuzi na kuirekebisha, au hii ni fomu ya kujaza tu?