Tukarabati garimoshi, tusifute historia

Nilisomea ukimbizini, mjini Nairobi. Siku moja mwalimu alitupeleka Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko nililiona garimoshi namba 5918, Mount Gelai, lililoundwa Uingereza na kiwanda cha Beyer Peacock mwaka 1955. Uzito wake unazidi tani 250. Jina ni la mlima wa Tanzania, njia yake ilikuwa Mombasa hadi Nairobi, na reli ilikuwa mali ya nchi 3, ikiwemo Uganda yetu. Mtoto mkimbizi nikatambua kuwa pale nami nina changu.

Mwaka 2001 garimoshi hilo lilifufuliwa, likatembea tena kwa mvuke. Waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi.

Hata hivyo, wapo wanaodai kuwa rangi yoyote inafaa mradi ing'ae, au yachomwe makaa ya mawe ili watalii wafurahi. Sikubaliani nao. Magarimoshi ya aina hiyo yalichoma mafuta, na rangi yake ilikuwa damu ya mzee.

Sisemi kila kipande kibaki cha zamani. Bomba la boila lililoliwa na kutu linaweza kuua, hivyo libadilishwe. Lakini kipya kitiwe alama, cha zamani kihifadhiwe, na wastaafu wa reli waulizwe kabla hawajatutoka.

Leo nafundisha historia nyumbani. Mwanafunzi husahau niliyoandika ubaoni, lakini hasahau alichokiona kwa macho. Wahusika wahakikishe anachokiona ni kweli.