Mabonge Yana Wakati Wake
Mpishi wa uji husifiwa uji wake ukiwa hauna mabonge, ndiyo maana akina mama wengi hushtuka wakiambiwa kliniki kwamba sasa mtoto anahitaji mabonge. Anayahitaji kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha nyongeza kianze mtoto akitimiza miezi 6, kikiwa kimepondwa laini, na kufikia miezi 8 watoto wengi huweza kushika vipande laini na kujilisha. Uingereza, utafiti uliofuatilia watoto wa eneo la Avon ulionyesha kuwa walioanza vyakula vya mabonge baada ya miezi 9 walikula matunda na mboga kidogo zaidi walipofika miaka 7. Kwa Misungwi, wilaya ya Tanzania yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, chakula cha kuanzia kinalimwa hapo hapo: viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Vichemshwe mpaka vilainike kabisa, vipondwe kwa uma bila kuchujwa, na siku zinavyokwenda vipondwe nusunusu. Ufizi unatosha, magego hayasubiriwi. Mtoto akikohoa, akikunja uso na kusukuma tonge kwa ulimi, anajifunza. Akinyamaza ghafla na kushindwa kupumua, amepaliwa, na hiyo ni dharura. Karanga nzima na michembe mikavu ya viazi vitamu visubiri, hata bibi akisisitiza. Sato achambuliwe miiba kwa vidole, dagaa wasagwe, kisha wachanganywe na viazi hivyo hivyo.