Onyo liwekwe kwenye chupa, lisiwekwe kwa mtu

Kati ya Rumangabo na Goma, mtu mwenye kiu haombi kinywaji baridi, anaomba sukre. (Ukivuka mpaka hadi Gisenyi, zote utasikia zinaitwa fanta, hata ikiwa ni Coca-Cola.) Neno tumelitoa kwenye Kifaransa, ambako ni kivumishi chenye maana ya "iliyotiwa sukari". Sisi tumelifanya nomino. Kwa hiyo lebo tunayo tayari: jina la kinywaji linataja kilichomo. Lakini halimwogopeshi mtu yeyote. Mgeni anayefunguliwa sukre ameheshimiwa, mgonjwa anapelekewa sukre hospitalini ili apate nguvu, na arusi isiyo na kreti za sukre itasemwa mwezi mzima.

Ninaanza na neno hilo kwa sababu mjadala wa lebo za onyo kwenye vinywaji vya sukari umeachiwa madaktari na wachumi, wakati lebo ni sentensi. Ina kiima, ina lugha, ina msomaji. Hayo ni mambo ya kitivo chetu.

Chile ilianza mwezi Juni 2016. Bidhaa inayozidi kipimo cha sukari, chumvi, mafuta au kalori inabandikwa alama nyeusi yenye pembe nane na maneno machache ya Kihispania yanayosema kilichozidi. Meksiko ilifuata mwaka 2020. Afrika Kusini, ambayo inatoza kodi ya vinywaji vya sukari tangu Aprili 2018, ilitoa rasimu ya kanuni za lebo mwaka 2023. Katika lebo hizo zote, kinachosemwa ni bidhaa. Mwembamba na mnene wanasoma maneno yaleyale, na ndivyo inavyofaa, maana kisukari na meno mabovu huwapata wote wawili.

Sasa tazameni Atlanta, Marekani, mwaka 2011. Kampeni iliyoitwa Strong4Life ilitundika mabango yenye picha za watoto wanene, na neno "onyo" likaandikwa juu ya picha hizo. Neno ni lilelile, lakini limehama kutoka kwenye chupa likatua kwa mtoto. Malalamiko yalikuwa makubwa, na yalikuwa ya haki. Watafiti kama Rebecca Puhl wameonyesha kwa miaka mingi kwamba kumwaibisha mtu kwa uzito wake hakumpunguzi. Wengi hula zaidi, hukwepa mazoezi, na huchelewa kwenda kwa daktari.

Kwetu hatari hiyo itaingilia mlango wa tafsiri. Kampeni za afya zinatufikia kwa Kifaransa, na tafsiri iliyo karibu zaidi ni "kupambana na unene". Unene haupatikani peke yake njiani. Unapatikana kwa mtu. Anayepambana na unene atampiga mnene. (Na hapa Rutshuru kitenzi "kupambana" hatukijui kama sitiari.)

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. "Bonge" ni donge, kipande kikubwa cha kitu. Tia ki- upate "kibonge", na mtu ameingia ngeli ya kipofu, kiziwi na kilema. Ni kweli tunasema "kibonge huyu" na si "kibonge hiki", upatanisho bado unamtambua kuwa mtu, lakini kiambishi kimeshafanya kazi yake. Kwa kilema tumeanza kujirekebisha, tunasema "mtu mwenye ulemavu". Kwa kibonge bado tunacheka.

Mtu atasema mambo haya ni ya ng'ambo, kwamba kwetu kuambiwa "uko munene sasa" ni sifa. Mara nyingi ni sifa kweli, na ina sababu. Kivu ina neno lake la utapiamlo wa watoto, bwaki; Uganda, katika miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa "Slim", yaani wembamba. Wembamba ulibeba hofu. Lakini sifa hiyo nayo ni hukumu juu ya mwili wa mwenzako, na ikigeuzwa na kampeni moja mbaya, salamu ileile itakuwa tusi. Kuhusu wanaouliza tunawezaje kuzungumzia sukari wakati watu wamelala njaa: njaa na kisukari vinakaa katika nyumba moja. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la maji. Mahali ambapo kipindupindu hakiko mbali, chupa iliyofungwa kiwandani ina usalama ambao ndoo haina. Lebo bila maji safi ni nusu ya kazi.

Ikija, ije kwa lugha gani? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha kwanza, inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Chupa za kwetu zinasema Kifaransa. Zinazopita Bunagana zinasema Kiingereza. Mimi ningeandika maneno mawili: SUKARI NYINGI. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mwili. Kwa asiyesoma, vichorwe vijiko: kopo la Coca-Cola la sentilita 33 lina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri tangu 2015 mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku, chakula chote kikihesabiwa.

Maneno hayo mawili yanaweza kupimwa na wanafunzi kabla ya kungoja sheria kutoka Kinshasa, kwenye soko la Virunga mjini Goma na kwenye maduka ya Rumangabo. Tumwonyeshe muuzaji "sukari nyingi", kisha "tupambane na unene", na kila mara tumuulize: hapa wanamsema nani?