Tusipime Afya kwa Kuhesabu Mahudhurio

Maneno "tathmini" na "thamani" ni ya shina moja, nayo yalitufikia kutoka Kiarabu. Kwa hivyo, mwenye kutathmini si mwenye kuhesabu vichwa, bali ni mwenye kupambanua kitu kina thamani gani, na kwa nani. Tofauti hiyo ndiyo husahauliwa waajiri wanapoipima mipango ya afya na siha ya wafanyakazi wao.

Tuchukue mfano wa Galu, ufuo unaopakana na Diani kwa upande wa kusini, ambako riziki ya wengi hutoka hotelini. Tuseme hoteli moja imeanzisha mazoezi ya viungo kila jioni, vipimo vya shinikizo la damu na mawaidha juu ya lishe. Mwisho wa mwaka, ripoti inasema kwamba waliohudhuria wana afya bora kuliko wasiohudhuria. Je, ni mpango uliowapa afya, au ni wenye afya waliokuwa na nguvu na nafasi ya kuhudhuria?

Walimu wanalifahamu fumbo hili. Wanafunzi wanaojitokeza kwa masomo ya ziada wakifaulu mtihani, hatuwezi kusema papo hapo kwamba masomo hayo ndiyo yaliyowafaulisha. Aghalabu huwa ni wale wale waliokuwa na bidii tangu awali.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilifumbua kwa kuwagawa wafanyakazi karibu 5,000 kwa bahati nasibu, baadhi wakaalikwa katika mpango wa siha na wengine wasialikwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliojiunga walikuwa na mienendo bora ya afya hata kabla ya mpango kuanza. Walioalikwa walipolinganishwa na wasioalikwa, vipimo vya afya viliongezeka, lakini gharama za matibabu hazikupungua kwa kiasi cha maana.

Je, mipango hii itupiliwe mbali? La hasha! Mtu kujua shinikizo la damu yake mapema ni faida. Ila swali la kwanza la tathmini liwe: nani hakuja, na kwa nini? Dobi aliyesimama kutwa, mlinzi wa zamu ya usiku, na kibarua ambaye kazi yake hukatika masika yaingiapo na watalii kupungua, hao hawamo katika daftari la mahudhurio. Kumhubiria lishe mtu asiyejua kama atakuwa na ujira mwezi ujao ni kumpaka mafuta mgonjwa wa tumbo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Kamati hiyo ndiyo ikabidhiwe tathmini, ikianza na zamu, mapumziko na mikataba kabla ya mazoezi ya viungo. Shule nazo ni mahali pa kazi, na walimu wana haki ya kuuliza maswali hayo hayo.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mpango unaosifiwa na waliouanzisha peke yao haujapimwa bado.