Pima kwanza, ndipo uitoe betri

Hapa Bujumbura gari la haibridi likigoma, hukumu hutoka hata boneti haijafunguliwa: betri kubwa imekufa. Anaisema dereva wa teksi, anaisema jirani, anaisema fundi aliyezoea Probox na Hiace. Mwenye gari anaanza kuhangaika kutafuta dola, katika mji ambao dola nazo zimeadimika kama petroli. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nimezaliwa Buyenzi katikati ya gereji, na ninaendesha Prius ya kizazi cha pili. Nimeona hukumu hiyo ikitolewa mara nyingi, na mara nyingi si ya kweli. Inamaliza akiba za watu wasio na akiba ya kuchezea.

Uhaba wa mafuta ndio uliotuingiza kwenye magari haya. Watu wamelala kwenye foleni za vituo vya mafuta, wengine wamevuka Gatumba hadi Uvira kutafuta dumu moja. Tangu hapo, anayeagiza gari Japan kupitia bandari ya Dar es Salaam huuliza kwanza linakunywa kiasi gani. Prius, iliyoanza kuuzwa Japan Desemba 1997, na mdogo wake Aqua, aliyetoka mwishoni mwa 2011, wana jibu zuri kwa swali hilo. Tena hawachomekwi ukutani, na hilo si dogo mahali ambapo umeme hukatika. Hujizalishia umeme wao injini inapofanya kazi na kila unapopunguza mwendo. Nalitetea gari hili bila kusita. Mtu anayetoka Kinindo hadi Kamenge asubuhi, katika msongamano wa simama-nenda, hatapata linalomfaa zaidi kwa lita moja aliyoipata kwa jasho.

Ila lina namna yake ya kuugua, na hapo ndipo tunapoibiwa.

Jirani yangu, mama anayeuza vitenge sokoni, aliniita siku moja gari lake likiwa limewasha taa zote za onyo kwa pamoja: ya breki, ya usukani, ile pembetatu nyekundu. Halikutaka kuwaka. Alikuwa ameshaambiwa bei ya betri kubwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Mwalimu, njoo unitazamie kabla sijaingia deni." Nilienda na mita ya umeme ya kawaida, ile ninayofundishia darasani. Gari la haibridi lina betri mbili. Ile kubwa, katika Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, ina moduli 28 zinazotoa jumla ya volti 201.6, nayo imejificha nyuma ya kiti cha nyuma. Ile ndogo ni ya volti 12 kama ya gari lolote, imewekwa pembeni mwa buti, na kazi yake ni kuamsha kompyuta. Kompyuta zisipopata umeme wa kutosha huchanganyikiwa na kulalamikia kila kitu kwa wakati mmoja. Betri ndogo iliyo nzima na iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ya yule mama ilisoma chini ya 11. Nikamwambia, "Mama, kubwa hatujaiona bado. Hii ndogo ndiyo inayolia." Ilibadilishwa ile ndogo, gari likawaka, na taa zote zikazimika.

Kuna jambo la kuangalia unaponunua hiyo ndogo. Ipo ndani ya gari mnamokaa watu, kwa hiyo betri yake ya asili ni ya aina iliyofungwa, yenye mrija wa kutolea hewa nje. Vichwa vyake pia ni vyembamba kuliko vya betri nyingi zilizojaa madukani. Nimeona watu wakipachika yoyote, wakabana kwa kipande cha bati, na baada ya muda ile miguso iliyolegea inaleta dalili zile zile, na betri kubwa inasingiziwa tena.

Foleni ya mafuta nayo imeua magari mengi kuliko uzee. Dereva anasubiri kwa saa nyingi, gari limewashwa, redio inaimba, kipoza hewa kinafanya kazi, gia ameiweka N ili asogee kirahisi. Katika N gari hili halichaji betri yake kubwa hata injini ikiwa inanguruma. Kipoza hewa kinaendelea kunyonya, na betri inashuka mpaka kompyuta inakataa. Kama unasubiri na gari limewashwa, weka P, hapo injini itajiwasha yenyewe betri inaposhuka. Kama foleni haisogei, zima kabisa, usiliache nusu limewashwa kwa ajili ya muziki.

Kibaya zaidi ni kuendelea kuendesha tangi likiwa kavu. Petroli ikiisha, haibridi haisimami papo hapo. Huendelea kidogo kwa umeme, na dereva hufurahi kuona atafika kituoni au nyumbani. Furaha hiyo ni ghali mno. Injini ya gari hili haina starta ya kawaida. Inayoizungusha ni mota kubwa inayokula kutoka kwenye betri kubwa. Ukiimaliza betri hiyo, hata ukijaziwa tangi hadi mdomoni injini haina wa kuiamsha. Huwezi kulisukuma liwake. Huwezi kuunganisha waya kutoka betri ya gari jingine, kwa sababu waya hizo zinalisha ile ndogo tu. Unahitaji chaja maalumu ya volti za juu, na sijui wangapi mjini wanayo. Petroli ikiisha, egesha pembeni na utafute chupa. Ukikosa petroli kwa wiki kadhaa, usiliache gari limelala bila kuguswa tangi likiwa kavu. Bakisha lita chache za kuliwasha na kuliacha lingurume kidogo mara kwa mara, maana betri zote mbili hupungua zenyewe zikikaa. Na likibidi kuvutwa, magurudumu ya mbele yainuliwe, kwa kuwa yakizunguka yanazungusha mota, na mota inayozungushwa inazalisha umeme.

Sasa niseme juu ya vumbi. Betri kubwa hupoozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi letu halina huruma, na joto la bonde la Tanganyika mnalijua. Feni hiyo hujaa vumbi, nyuzi za nguo na nywele mpaka haivuti kitu. Wengine huweka mabegi au mtandio juu ya tundu hilo bila kujua ni la nini. Betri inachemka, na betri inayochemka huzeeka haraka. Kuisafisha feni kunahitaji bisibisi, brashi laini na subira ya asubuhi moja. Nikinunua haibridi iliyokwishatumika Burundi, kabla ya kutazama rangi au matairi nitaomba kuiona feni hiyo. Inaeleza mwenyewe wa zamani alikuwa mtu wa namna gani.

Dalili nyingine inayohukumiwa vibaya ni gari kupoteza nguvu ghafla mlimani na kuzimika, kisha likishapoa linawaka kama kawaida. Katika kizazi cha pili mshukiwa wangu wa kwanza ni pampu ndogo ya maji inayopooza inveta, kile kisanduku cha mbele kinachogeuza umeme. Pampu hizo zilikuwa na kasoro inayojulikana. Novemba 2012 Toyota yenyewe iliyaita magari mengi duniani ili zibadilishwe, lakini gari lililofika kwetu kupitia mikono mitatu huenda halikuitika mwito huo. Kuipima hakuhitaji kompyuta. Gari likiwa limepoa, fungua kifuniko cha chombo cha maji ya inveta, mwenzako awashe gari, utazame ndani. Maji yakizungukazunguka, pampu inafanya kazi. Yakitulia, umempata mwizi wako. Kuna wenye magari waliouziwa betri kwa ugonjwa wa pampu hiyo.

Sikatai kwamba betri kubwa hufa. Prius ya kizazi cha pili ilianza kutengenezwa mwaka 2003, ya tatu mwaka 2009. Nyingi zilizo barabarani kwetu zimepita umri ambao mtengenezaji alizitarajia. Lakini hata hapo kuna kupima. Kompyuta ya betri husoma moduli mbili mbili, yaani makundi 14. Kifaa cha kuunganisha kwenye tundu lililo chini ya usukani kikionyesha msimbo P0A80, maana yake makundi hayalingani. Fundi mwenye kifaa kizuri huyatazama yote 14 gari likipanda mlima, akaona lipi linaanguka kuliko wenzake. Mara nyingine hakuna moduli iliyokufa. Vibamba vya shaba vinavyoziunganisha vimeota kutu ya kijani kwa unyevunyevu, au nyaya nyembamba za kusomea volti zimeliwa. Vikisuguliwa na kufungwa vizuri, gari linarudi barabarani.

Hapa lazima niwe mkali. Anayefungua betri hiyo anagusa volti zaidi ya 200 za mkondo mnyoofu, na volti hizo zinaua. Nyaya zake zimepakwa rangi ya machungwa kwa sababu hiyo. Kwanza inatolewa plagi ya usalama, kisha inasubiriwa dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa kwenye inveta umalizike, na mikono inakuwa ndani ya glavu za mpira za fundi umeme zinazohimili volti 1,000. Nimewaona vijana hodari wa Buyenzi, wanaoweza kushusha injini na kuirudisha bila kitabu, wakifungua betri hizi kwa mikono mitupu, wamevaa pete. Nawapenda vijana hao, wengine nimewafundisha mimi. Sitaki kwenda matangani kwao.

Pia niseme wazi kuhusu biashara ya kubadilisha moduli moja. Unachomoa iliyokufa, unapachika iliyotoka kwenye betri nyingine kukuu, gari linawaka, mteja analipa. Miezi michache baadaye ya pili inakufa, kwa sababu ile ngeni hailingani na wenzake na zote zimechoka pamoja. Anayefanya hivyo bila kumweleza mteja kwamba amenunua muda tu, anamdhulumu. Kama moduli zote zimechoka, bora pesa ziende kwenye seti nzima iliyopimwa na kulinganishwa.

Kuna pia ugonjwa usio ugonjwa. Wanaorudi kutoka Gitega wanaujua. Kutoka Bugarama, kwenye zaidi ya mita 2,000, barabara inateremka hadi mji wetu ulio kwenye mita 800 hivi, na katikati ya mteremko injini ya haibridi inaanza kunguruma kwa nguvu ingawa mguu hauko kwenye mafuta. Nimepigiwa simu kutoka njiani, mtu amesimama pembeni akiamini injini imepagawa. Huwa nawapa wanafunzi hesabu hiyo ubaoni: gari lenye watu ndani, kilo 1,500, likishuka mita 1,400 linaachilia karibu megajuli 20. Betri yote, hata ingeanza ikiwa tupu, inabeba chini ya megajuli 5, na kompyuta haikubali hata nusu ya hizo zitumike. Ikijaa, umeme unaozidi unatumika kuizungusha injini bila petroli, ndiyo sauti unayoisikia. Gari linajishika. Weka gia kwenye B tangu juu Bugarama ili breki zipumzike, uwe na pa kukimbilia ukikutana na vijana wa baiskeli waliopakia ndizi.

Nini kifanyike? Anayeleta magari haya auze na taarifa ya betri iliyopimwa, makundi 14 kwenye karatasi, kama anavyotoa hati za forodha. Shule za ufundi, kama ile ya Kamenge, zipatiwe gari moja moja la haibridi lililoharibika, wanafunzi walifungue chini ya mwalimu mwenye glavu. Mamia ya haibridi yanapita mbele ya madirisha ya shule hizo, na kijana anayehitimu leo atatengeneza magari haya maisha yake yote ya kazi, apende asipende.

Na gereji za Buyenzi zisisubiri wizara. Gereji tatu nne za avenyu moja zinaweza kuchanga zikanunua kifaa kimoja cha kusomea makundi ya betri, jozi mbili za glavu za volti 1,000, na chaja moja ya volti za juu kwa wale waliokaukiwa kwenye foleni. Vikikodishwa kwa zamu, na kila mteja akilipia kipimo kabla ya kuambiwa bei ya kipuri chochote, gharama itarudi. Nipo tayari kuwafundisha kusoma yale makundi 14 Jumamosi mchana, bila malipo, gereji yoyote itakayonipa meza na gari.