Drone ya dukani haikufundishi kitu

Nikisema ninarusha ndege, swali la kwanza watu huniuliza ni drone yangu ni ya aina gani. La pili ni kama ninapiga picha za harusi. Haya, leo niwajibu wote kwa pamoja: sina drone, sipigi picha za harusi, na kwa maoni yangu kijana wa Kitale anayependa teknolojia akipata vijisenti asikimbilie drone ya dukani. Ajenge ndege. Ndege yenye mabawa na mkia, mota moja puani, inayoongozwa kwa rimoti. Najua kuna watakaonipinga, karibuni sana, lakini nisikilizeni kwanza.

Drone ya siku hizi ni kifaa safi, sikatai. Ukiachilia vijiti vya rimoti inasimama hewani yenyewe kama imetundikwa. Inajua iko wapi, inajua njia ya kurudi nyumbani. Lakini ujuzi huo wote ni wa waliouandika, na umefungwa ndani. Mkono wake ukivunjika unatafuta mkono wa kampuni ile ile. Wewe ni abiria tu. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu, na nikitoka kazini sina hamu ya kuwa abiria wa programu ya mtu mwingine.

Ndege ya kujengwa inaanzia kwenye meza. Mwili na mabawa ni bodi ya fomu, ile yenye karatasi mbili zilizobana povu katikati, ambayo wanafunzi wa usanifu majengo hutengenezea vielelezo vyao. Uti wa bawa ni kijiti chepesi cha mbao. Vijiti vya mishikaki vinashika bawa kwa mipira ya kufungia noti. Gundi ni ile ya moto inayotoka kwenye bastola ya umeme. Kwa povu jeupe tupu, lile la kupakia televisheni, kaa mbali na supaglu ya kawaida. Inalila kama mchwa. Mota ninayotumia ni ile maarufu ya 2212 yenye 1000KV, maana yake kila volti moja inaizungusha mara 1,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ongeza kidhibiti mwendo cha ampea 30, sevo za gramu 9 na betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1. Ghali kuliko vyote ni rimoti, lakini hiyo hubaki nawe hata ndege kumi zikivunjika. Ramani za kukatia bodi hutolewa bure. Flite Test, jamaa wa Ohio kule Marekani, wamefundisha dunia nzima kujenga kwa bodi hii.

Sasa tufike mahali penye utamu. Ukifuata ramani ya Ohio neno kwa neno hapa Kibomet, ndege itakusumbua. Kwa nini? Kwa sababu tuko juu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa kipimo sanifu hewa ya kimo hicho ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko ya pwani. Bawa linabebwa na hewa, propela inasukuma hewa, na hewa yenyewe ni nyepesi. Chukua ndege ya gramu 600 yenye bawa la sentimita 120 kwa 20. Ufukweni itaanza kudondoka ikishuka chini ya mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa. Hapa itadondoka chini ya 24. Utasema kilomita mbili ni nini? Jaribu kuirusha kwa mkono kukiwa hakuna upepo, uone. Dawa ni mbili: punguza uzani, au panua bawa. Ukitaka mwendo ule ule wa ufukweni, upana wa sentimita 20 uwe 24. Propela nayo iongezwe kidogo, lakini pima joto la mota baada ya kuruka. Kama huwezi kuishika kwa vidole umezidisha.

Hesabu hiyo hakuna drone ya dukani itakayokuuliza. Nilisoma fizikia sekondari, nikasoma kompyuta chuo kikuu, na kanuni ile ya msongamano wa hewa ilikuwa ni kitu cha kukariri kwa mtihani. Katika shamba la mahindi lililovunwa, mlima Elgon ukiwa upande mmoja na milima ya Cherangani upande mwingine, ndipo iliponikaa kichwani.

Halafu kuna kutengeneza. Ndege hizi huanguka, tusidanganyane. Pua hupinda, bawa huvunjika katikati, sevo hung'oka meno. Programu ikikataa, kompyuta inakuandikia ujumbe wa kosa na namba ya mstari. Ndege haikuandikii chochote. Unaokota vipande na kuanza kuuliza. Je, ilinyanyua pua na kuzubaa kabla ya kudondoka? Basi huenda uzito umerudi nyuma mno. Ndege yenye bawa la kawaida inapenda kusawazika karibu na robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Je, ilijikunja upande mmoja kila ulipoongeza moto? Angalia mota imeelekea wapi. Je, mota ilizimika na sevo zikaendelea kufanya kazi? Hiyo ni betri iliyoisha: kidhibiti kimeikatia mota umeme ili usukani ubaki. Huu ndio utafutaji wa hitilafu tunaolipwa kuufanya ofisini, tofauti ni kwamba hapa ushahidi umetapakaa shambani na ng'ombe wa jirani anaunusa.

Kuhusu betri nitasema kidogo tu kwa sababu sicheki nazo. Seli ya lithiamu haizidi volti 4.2 ikijaa, usiishushe chini ya 3.3, na ukiiweka kabatini iache karibu 3.8. Ikivimba, kwaheri. Usilale ukiwa unaichaji.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Mwaka 2020 huko Lilongwe, Malawi, UNICEF ilifungua chuo cha drone na data kwa ajili ya vijana wa Afrika, na chombo kimoja walichofundishwa kujenga ni EcoSoar ya Virginia Tech, ndege ya mabawa ya bodi ya fomu. Bodi ile ile! Na Rwanda, tangu 2016, Zipline wanapeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani zenye mabawa, siyo zile za propela nne, kwa sababu bawa linakwenda mbali zaidi kwa umeme ule ule. Aliyejenga ndege ya fomu ameshika ncha ya kamba hiyo hiyo. Na kwa wenzangu wa programu, kuna ArduPilot, ambayo ni programu huria ya kuendesha chombo chenyewe. Msimbo wake wote uko wazi na unaweza kuujaribu ndani ya kompyuta kabla hujanunua hata skrubu.

Lakini kuna jambo moja linaloniuma. Kenya ilitangaza kanuni za kwanza za vyombo hivi mwaka 2017, Bunge likazibatilisha 2018, kisha zikaja kanuni za 2020 tunazofuata sasa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ndiyo inayosajili na kutoa vibali. Kuagiza chombo kutoka nje kunataka kibali. Usipite futi 400 kwenda juu, kaa angalau mita 50 kutoka kwa watu na mali za wengine, na usikaribie viwanja vya ndege. Hayo ninayakubali kabisa. Kitale ina kiwanja chake, na mtu aliye ndani ya ndege ya kweli ana haki ya anga kuliko fomu yangu. Ninalolipinga ni hili: mwenye chombo lazima awe ametimiza miaka 18. Mwanafunzi wa kidato cha pili ndiye hasa mwenye saa za kukata bodi na akili isiyochoka, na yeye hawezi kumiliki kitu hiki kwa jina lake.

Siku moja mzee wa jirani alisimama kando ya shamba, akaangalia mizunguko mitatu mizima.

"Kijana, hiyo kitu ina kamera?"

"Hapana mzee, haina."

"Sasa inaona nini huko juu?"

"Haioni kitu, mzee. Mimi ndiye ninayeiona."

Akacheka, akaniomba nimwonyeshe ndani. Wasiwasi wake ulikuwa wa haki, na sheria imeandikwa kwa wasiwasi kama ule. Ila ndege ya gramu 400 isiyo na kamera, inayorushwa macho yakiiona, asubuhi, shambani, mwalimu akiwa pembeni, isipimwe kwa kipimo kimoja na chombo cha kibiashara. Ningependa KCAA itenge njia ya klabu za shule: klabu isajiliwe mara moja, mwalimu ndiye mwenye dhamana, uwanja mmoja ujulikane, basi. Kuanzia Kitale hadi Bungoma shule zenye viwanja vipana ni nyingi, na baada ya mavuno mashamba nayo ni wazi.

Walimu wa fizikia mnaosoma hapa, niandikieni kama mngeipokea klabu ya namna hiyo. Wakati tunasubiri, ndege ya kurusha kwa mkono isiyo na mota wala rimoti inafundisha usawazishaji vizuri tu, na wanafunzi wanaweza kuikata darasani. Wiki ijayo nitaweka vipimo vya bawa la sentimita 24 nilivyovifanyia marekebisho kwa hewa ya huku. Atakayevijaribu Mombasa anieleze inavyoelea.